Ada ya Usipa

Siku kamati ya parokia ilipokuja nyumbani kuangalia kama sisi ni maskini, mama aliazima vikombe.

Aliazima na chupa ya chai, na vitambaa vya kufuma vya kufunikia viti, na viti vyenyewe viwili, kutoka kwa jirani wa ng'ambo ya kijito. Baba alichinja jogoo. Ukanunuliwa mchele, ambao kwetu milimani tunaula Krismasi na Pasaka. Mimi nilifagia uwanja, nikanyunyiza maji vumbi litulie, nikafagia tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kosa. Wageni wanakuja, tena wageni wa kanisa, sasa uwapokeeje? Uwape maji kwenye kopo?

Nilikuwa nimefaulu kidato cha nne na kuchaguliwa chuo cha uuguzi. Barua ya chuo ilisema turipoti Januari, na kwamba atakayefika bila ada ya muhula hatapokelewa, nafasi yake atapewa mwingine. Sentensi ile niliisoma mpaka ikawa inajisoma yenyewe kichwani, hata nikiwa natwanga. Zamani, baba alikuwa akisema, serikali ilisomesha na godoro ikakupa. Ushirika nao uliwalipia watoto wa wakulima, ukakata kidogo kidogo kwenye kahawa. Sasa ushirika wetu ulikuwa jengo lenye kufuli, na kila mtu alitakiwa kuchangia. Kilichobaki ni mfuko wa parokia wa kusomesha watoto wasio na uwezo. Ndiyo maana kamati ilikuja.

Walikuwa watatu: katekista, mwalimu mmoja mstaafu, na mama mmoja kutoka kigango cha jirani. Walikula vizuri. Kisha mwalimu mstaafu akajifuta mdomo, akauliza, "Mzee, kahawa una mashina mangapi?"

Baba alikohoa kidogo. Akataja mashina yote, hata ya marehemu mdogo wake, ambayo anayatunza tu mpaka watoto wa marehemu wakue.

"Na chakula mnapata?"

"Tunamshukuru Mungu. Ndani ya nyumba hii hajawahi kulala mtoto na njaa."

"Ongezeni mchuzi jamani," mama akasema, anacheka kwa furaha.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na jagi la kunawia mikono. Nilijua. Nilikuwa naona kabisa tunavyozama, na sauti haikutoka. Mimi niko hivyo tangu utoto. Darasani mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, natazama dawati tu, naonekana mjinga. Mwalimu mstaafu aliinua macho juu akasema, "Na bati mmepiga." Bati zile baba alizinunua mwaka mmoja tu ambao wanunuzi binafsi waligombania kahawa yetu mpaka bei ikapaa. Tangu hapo haijapaa tena, na bati zimeota kutu upande wa mvua. Lakini mtu aliyekaa sebuleni haoni kutu.

Majina yalisomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Langu halikuwemo. Tulipotoka, yule mama wa kamati alinishika mkono. "Mwanangu, nyie mna uwezo bwana. Tuwaachie wasio na kitu. Na umwambie mama yako kuku alikuwa mtamu."

Nikamwambia asante. Kweli kabisa, nilisema asante.

Nyumbani mama alikaa chini kwenye kizingiti. "Si wamekula wakashiba? Sasa walitaka tuwape nini?"

"Ulitaka niseme mbele ya watu kwamba nimeshindwa?" baba akasema.

"Sikutaka useme. Nilitaka waone wenyewe."

"Wataona wapi, na vikombe vya watu mezani?"

Mimi nikaenda kurudisha viti, ambavyo tangu siku ile vilikuwa bado kwetu.

Jirani yule wa viti ndiye aliyenifanya niogope zaidi. Miaka miwili mfululizo alikuwa ameuza kahawa yake ikiwa bado maua. Kwetu biashara hiyo tunaiita magoma. Mnunuzi anakuja wakati huna chumvi au una mgonjwa, anakupa pesa kidogo, na mavuno yote yanakuwa yake. Jirani alichuma kahawa, akaimenya, akaianika na wanawe, akaipakia kwa mikono yake kwenye gari la mnunuzi, kisha jioni mke wake akaja kwetu kuomba mafuta ya taa. Viti vyake viwili vilikuwa vya mwaka aliokuwa bado anauza mwenyewe.

Mvua za kwanza zilinyesha kidogo na kahawa ikatoa maua. Mlima mzima unakuwa mweupe, na harufu inaingia mpaka jikoni. Wengine wanaipenda harufu hiyo. Mwaka ule mimi niliichukia, kwa sababu nilijua inamleta nani.

Mnunuzi alikuja na pikapu nyeupe, akaegesha mpaka kwenye uwanja wetu. Hakukaa. Alitembea na baba katikati ya mashina, mimi nikiwafuata kwa mbali na jembe, najifanya napalilia.

"Mzee, mtoto kasoma, kachaguliwa, unamwacha apotee hivihivi?" Akashika tawi lenye maua. "Ada yote ya mwaka nalipa mimi. Leo leo. Wewe unanipa kahawa hizi tu."

"Hizi zote?"

"Sasa nichague ua moja moja?" Akacheka, na baba akacheka, lakini cheko la baba lilikatika katikati.

"Nipe mpaka Krismasi," baba akasema.

"Krismasi hela yangu nitakuwa nimewapa wengine. Lakini haya. Kwa heshima yako."

Tangu siku hiyo nilikuwa na hofu mbili, na zilinivuta huku na huku. Niliogopa kukosa chuo. Niliogopa zaidi kwenda chuo, halafu nirudi likizo nimkute baba anachuma kahawa ya mtu mwingine kwenye shamba lake, na wadogo zangu wawili wamefukuzwa shule kwa kukosa michango. Chakula hakikupita vizuri. Mama alidhani nina malaria.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetusogeza, ni shangazi. Dada yake baba ameolewa ukanda wa ziwa, upande wa Lundo, na kila mwaka hupanda milimani na usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, akirudi anarudi na maharage. Safari hii alikuta nyumba imepoa kama ya msiba. Akaambiwa.

"Kaka, ghalani kwenu maharage yanatobolewa na wadudu," akasema. "Kule sisi usipa tunawapa bata. Nipe huyu mtoto na maharage yenu. Tutabadilisha, tutakausha, atapanda nao auze Mbinga."

"Huyu?" mama akasema. "Wifi, huyu hawezi hata kumwambia utingo kwamba anashuka."

"Atapitilizwa mara moja. Mara ya pili atasema."

Tulishuka na lori. Barabara ile ya kwenda Mbamba Bay inashuka mlima kwa kona kali, na kwenye kila kona utingo alining'inia nyuma akiwa ameshika gogo, tayari kulitupa chini ya tairi kama breki zingekataa. "Likishindwa," alituambia sisi tuliokaa juu ya magunia, "rukeni upande wa mlima, siyo upande wa korongo." Akacheka. Mimi nilikaa upande wa mlima, nikasali rozari bila rozari, kwa vidole. Ziwa lilipotokea chini, sikulitazama.

Ufukweni wanawake waliniona mara moja. Asubuhi mitumbwi inapoingia wanajitosa majini mpaka kiunoni na beseni zao, mimi nikabaki kwenye mchanga mkavu nimekumbatia bakuli la maharage.

"Ee, dada wa milimani! Sogea, maji hayang'ati!"

"Mwacheni, kwao wanaoga kwa kikombe."

"Mliishiwa kahawa, ndiyo mmekuja kuchuma usipa?"

Walikuwa wanaongea Kinyasa, kisha wanarudia kwa Kiswahili ili nisikose hata tusi moja. Shangazi aliwajibu kwa niaba yangu, anacheka, na huku bakuli kwa bakuli maharage yetu yalibadilika kuwa usipa wabichi, wanaong'aa kama sindano.

Wengi walianika mchangani. Shangazi alikataa. Alinifundisha kuwatandaza juu ya chanja, kitanda cha matete kilichoinuliwa, na kuwageuza kila jua linaposogea. "Usipa wenye mchanga anaununua mlevi," alisema. "Wewe unauza ada." Nilishinda pale kutwa nzima nikifukuza kunguru. Kazi hiyo niliipenda, kwa sababu kunguru hawahitaji kusalimiwa.

Halafu ikaja siku ya wingu.

Shangazi alikuwa kanisani, kulikuwa na mazishi, na wanawake wengi walikuwa huko. Ufukwe mzima ulikuwa umefunikwa na usipa, wetu na wa watu. Mawingu yalitokea ziwani kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwetu. Kwetu mvua unaiona inavuka vilima, unapata muda wa kuanua nguo. Hii ilikuwa ukuta mweusi, na chini yake maji yalikuwa tayari yamekuwa meupe. Usipa wakilowa wakati wamekauka nusu, wanaoza. Maharage yote ya nyumbani yalikuwa pale juu ya matete.

Nilijua desturi yao: wa kwanza kuona mvua anapiga kelele, na kila anayesikia anakuja kuanua, bila kuuliza ni wa nani. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ikatoka sauti ya paka. Upepo ukaanza kuwainua usipa wa pembeni mmoja mmoja. Nikaona ndoo ya bati imepinduliwa, nikachukua mwiko wa kugeuzia, nikaipiga. Nikaipiga kwa nguvu zangu zote, huku nalia.

Walikuja. Lo, walikuja! Wanawake wamefunga khanga viunoni, wanaume wameshika makasia na mikuki, vijana na mapanga, mpaka waliokuwa wanachimba kaburi wakaja na majembe yao. Walikimbilia majini, wanapiga mayowe. "Nani? Kamchukua nani?"

Sikuelewa. Shangazi alifika anahema, akanishika mabega. "Nani kachukuliwa? Sema!"

Nikanyoosha kidole kwenye wingu.

Baadaye ndipo nilipoambiwa. Kwao kupiga ndoo ufukweni kuna maana moja tu: mamba kamshika mtu. Lakini wakati ule hakukuwa na muda wa kueleza. Tone la kwanza lilianguka, mtu akasema, "Mvua!" na watu wale wote, na mikuki yao, wakageuka na kuanza kuzoa usipa. Sijawahi kuona mikono mingi hivyo. Chanja zilibebwa nzimanzima na wanaume. Mvua iliposhuka sawasawa, ufukwe ulikuwa mtupu, na sisi sote tumebanana chini ya mapaa ya nyumba za karibu, tunatiririka maji.

Niliogopa watanipiga. Bibi mmoja aliyekuwa amepoteza kandambili majini akanisogelea uso kwa uso. "Wewe mtoto, mdomo umepewa wa nini?"

Nikainama.

"Haya, piga kelele sasa tusikie. Sema mvua."

"Mvua," nikasema.

"Hiyo ni ya kumwambia mto wa kulalia. Tena!"

"Mvua!"

"Tena, mamba wasikie!"

Nikapiga kelele mpaka koo likauma, wote wakacheka, hata shangazi, hata mimi kidogo. Tangu siku hiyo niliitwa Mama Mamba. Mazishi yaliendelea mvua ilipokatika, na nilikwenda kumwomba radhi mfiwa. Alisema marehemu mwenyewe angecheka.

Nilirudi milimani karibu na Krismasi, na magunia ya usipa. Mengine tuliyauza Mbinga mjini. Sikuwa na kelele ya sokoni kama wengine, lakini watu walitia mkono kwenye gunia langu, wakaona hakuna mchanga, wakanunua. Hata hivyo pesa ilipohesabiwa mezani ilikuwa kama nusu ya ada ya muhula. Magunia mawili yalibaki, na soko lilikuwa limejaa usipa wa kila mtu.

Mnunuzi alikuja kama alivyoahidi. Safari hii mama hakuazima kitu. Alimpa maji kwenye kopo la bati lenye mpini uliolegea, akasimama pale mpaka mgeni akanywa.

Mimi nilikuwa nimemwambia mama jambo moja jikoni, na mama alikuwa amemwambia baba, kwa sababu hivyo ndivyo maneno yangu yalivyosafiri nyumbani kwetu. Nilimwambia kwamba shuleni kwetu sekondari wazazi waliokosa ada walileta mahindi, na mkuu akapokea. Wanachuo nao wanakula. Labda chuo nacho kingepokea usipa. Sikuwa na uhakika wowote, na niliposema tu nilitamani nirudishe maneno.

"Tutajaribu chuoni kwanza," baba akamwambia mnunuzi.

"Na nini? Na hivyo visamaki?" Akaangalia magunia kwenye kona. "Sawa, mzee. Lakini mkikataliwa, mkirudi kwangu, nitatoa nusu ya ile niliyosema. Mahitaji yenu yatakuwa makubwa kuliko yangu."

Alipoondoka baba alikwenda kutazama mashina. Maua yalikuwa yameshaanguka, na vijipunje vya kijani vilikuwa vimeanza kushika. Nikafikiri, nimemfanya akatae pesa kwa ajili ya neno la jikoni. Usiku kucha nilijiuliza kwa nini sikunyamaza kama kawaida yangu.

Siku ya kuripoti baba alivaa koti lake la kanisani. Magunia yalikuja juu ya gari, na sanduku langu juu ya magunia. Kwenye foleni wenzangu walinusa hewa na kutazamana. Msichana mmoja alimuuliza mama yake, "Nani kafa humu?" Nikatazama sakafu.

Mkuu wa chuo alikuwa sista mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tukamwamkia. Akafungua jalada langu, akasema, "Matokeo mazuri. Mzee, ada ya muhula mmekuja nayo yote?"

Baba alikohoa kidogo.

Nilikifahamu kikohozi kile. Kilikuwa kikohozi cha siku ya jogoo. Nilimwona akinyoosha koti, akitafuta maneno ya mtu mwenye uwezo, na nikajua atasema kitu kama pesa iko njiani, au kwamba kwetu hatujawahi kushindwa, na Sista atasema basi rudini itakapofika, na nafasi itakuwa imekwenda, na pikapu nyeupe itakuwa inatusubiri. Kumkatiza baba mbele ya mtu mzima lilikuwa jambo ambalo sijawahi kulifanya.

"Hatuna, Sista," nikasema. Ikatoka kwa sauti ya ufukweni, kubwa mno kwa ofisi ile. Hata walioko nje walisikia. "Tuna nusu. Nyingine ni usipa."

Baba aliangalia viatu vyake. Sista aliniangalia mimi, halafu baba, halafu mimi.

"Usipa wako wapi?"

Aliinuka mwenyewe akatoka mpaka barazani. Akafungua gunia, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa wa chini kabisa, siyo wa juu. Akawasugua kiganjani. Akamtafuna mmoja, polepole, na mimi nikisubiri sauti ya mchanga kwenye meno yake.

"Nani amekausha?"

"Mimi, Sista."

"Wapi?"

"Juu ya matete."

Akaita jikoni waje na mizani. Wakapima, akaandika, akafikiri, akaandika tena. "Muhula huu umetosha," akasema. "Umesikia? Muhula huu. Wa pili uje tena nao, na maharage. Haya yetu yana wadudu. Ukikosa, sitakuficha, utarudi nyumbani."

"Ndiyo, Sista."

Nilimsindikiza baba mpaka getini. Nilikuwa naogopa kumtazama. Alitembea na mikono nyuma, na alipofika kwenye nguzo akasimama.

"Ungeniacha niseme mwenyewe."

"Ungesema, baba?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana," akasema. "Ningemkaribisha nyumbani ale kuku."

Akacheka, na safari hii cheko halikukatika. Kisha akajipapasa mifukoni, akanipa nauli yake nusu, akaondoka kwa miguu mpaka njia panda.

Sasa niko hapa. Hofu haijaisha, imehama tu. Usipa hupikwa mara kwa mara, na wenzangu wakiona sufuria wanaguna: "Jamani, tena leo?" Mimi nainama, nakula, sisemi ni wa nani. Kila wanapopika napita mlango wa stoo kuchungulia. Gunia la kwanza limekwisha. La pili limelegea na kujikunja shingo, na likilala chini kabisa nitajua muhula wa pili umefika. Shangazi ametuma salamu kwamba mitumbwi inaingia mitupu siku hizi. Mama ametuma kwamba mnunuzi amepita tena, hakushuka kwenye gari, ameangalia tu kahawa yetu inavyojaa.

Bado ni yetu.

Likizo nitashuka ziwani. Nikifika kona zile nitakaa upande wa mlima.